Safari ya Majibu ya Damu: Historia ya Kuripoti Vipimo vya Malaria Kisiwani Unguja

Historia ya tiba katika kisiwa cha Unguja imezoeleka kuandikwa kwa kufuata majengo na dawa. Husimuliwa zahanati ya Tharia Topan inayotazama bandari ya Mji Mkongwe, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887. Husimuliwa hospitali ya Mnazi Mmoja iliyojengwa kwa fedha za ukoo wa Karimjee na kuitwa V. I. Lenin baada ya Mapinduzi ya 1964. Kisha husimuliwa kwinini, klorokwini na dawa za mseto. Ipo historia nyingine isiyo na jengo la kupigwa picha, nayo ni ile ya safari ya majibu baada ya kipimo kumalizika: nani aliyaandika, katika daftari gani, yalipita mikononi mwa nani, yalichukua muda gani kumfikia mwenye mamlaka ya kupeleka dawa au wapuliziaji, na yaliporudi kijijini yalirudi na msaada gani. Malaria ndio ugonjwa unaoifaa zaidi historia hiyo, kwa sababu ndio uliowafanya Wazanzibari, kuanzia mwaka 2008, wawe miongoni mwa watu wa mwanzo barani Afrika kuripoti majibu ya vipimo kwa simu ya mkononi kutoka vituo vya afya vya vijijini. Anayeufuatilia mfululizo huo tangu enzi za majahazi hadi enzi za seva ataona jambo moja likijirudia, kwamba chombo cha kuripoti kilifanya kazi vizuri pale tu mambo ya mahali, yaani mipaka, majina, misimu na saa, yalipowekwa katika sehemu ambayo watu wa Unguja waliweza kuifikia na kuirekebisha bila ya kukivunja chombo chenyewe.

Kabla ya hadubini, yaani kioo cha kukuzia vijidudu visivyoonekana kwa macho, habari ya ugonjwa ilisafiri kwa mdomo na kwa njia zile zile za biashara. Kipindupindu kilipoushambulia mji wa Zanzibar mwaka 1869 na 1870, daktari Mskoti James Christie, aliyekuwa akifanya kazi ya uganga mjini, aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara ili kujua maradhi yalitokea wapi, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1876 alionyesha kwamba yalishuka kutoka upande wa Bahari ya Shamu, yakapita bara katika nchi ya Wamasai, yakafika Pangani na kuvuka hadi kisiwani. Hiyo ilikuwa ripoti ya hali ya juu kwa wakati wake, ila ilikamilika miaka kadhaa baada ya maiti kuzikwa. Waya wa simu za maandishi uliopita chini ya bahari kutoka Aden uliifikia Zanzibar mwaka 1879, na kuanzia hapo habari ya tauni au ndui katika bandari ya mbali iliweza kuitangulia meli yenyewe. Gereza lililojengwa katika kisiwa cha Changuu mwaka 1893 nalo likaishia kutumika kwa karantini, yaani kuwatenga wasafiri hadi muda wa hatari upite. Ripoti za aina hiyo zilihusu kile kinachoingia kutoka nje. Kilichokuwa kikiwaua watoto wa Donge au Makunduchi kila mwaka, bila ya kushuka kutoka melini, hakikuwa na waya wa kukisemea.

Ronald Ross alipoonyesha nchini India mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, kipimo cha damu kilipata maana mpya, kwani sasa paliweza kusemwa kwa uhakika kwamba homa hii ni malaria na ile si malaria. Namna ya kupima ilikuwa, na bado ni, rahisi kueleza na ngumu kuifanya: tone la damu huchukuliwa kwenye ncha ya kidole, hutandazwa juu ya kipande cha kioo kinachoitwa slaidi, hukaushwa, hutiwa rangi ya Giemsa inayovifanya vimelea vionekane vya zambarau, kisha mtu mwenye jicho lililofunzwa huinama juu ya hadubini na kuhesabu. Matokeo huandikwa kwa mstari mmoja katika rejesta. Katika miaka ya utawala wa Kiingereza mistari hiyo ilijumlishwa mwisho wa mwaka na kuchapishwa katika ripoti ya Idara ya Afya, ikiwa na majedwali nadhifu yaliyopelekwa London, na ni vigumu kuyasoma majedwali hayo leo bila ya kujiuliza yalimsaidia nini mgonjwa ambaye mstari wake ulijumlishwa miezi mingi baada ya homa yake. Ripoti ilipanda juu. Haikuwa na njia ya kushuka.

Kampeni ya kuitokomeza malaria iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani ilijaribu kuligeuza jambo hilo. Mpango wa shirika hilo ulikuwa wa aina moja duniani kote na ulikwenda kwa hatua: maandalizi, mashambulizi ya kupulizia kuta za nyumba viuatilifu kama DDT, kisha uimarishaji, ambapo wapuliziaji hupungua na watafutaji wa wagonjwa huongezeka, wakipita nyumba hadi nyumba wakiuliza nani ana homa na kuchukua slaidi zao. Kazi ya namna hiyo haiwezekani bila ya kuzijua nyumba zote na mpangilio wa vijiji, na kwa hiyo ramani na orodha za makazi zikawa sehemu ya tiba kama ilivyokuwa dawa. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, sehemu ya watu waliokutwa na vimelea katika damu ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya nusu hadi chini ya 10 kwa kila 100. Mwaka 1968 kampeni ilisimamishwa kabla ya kazi kukamilika, wapimaji na watafutaji wakatawanyika, na katika miaka iliyofuata malaria ikarudi kwa nguvu ile ile ya zamani. Jaribio jingine la miaka ya 1980, lililosaidiwa na Marekani, liliwakuta mbu waliokwisha kuizoea DDT. Jambo ambalo halikutiliwa maanani vya kutosha ni kwamba mwaka 1968 hazikusimamishwa pampu za kupulizia peke yake, bali ilisimamishwa pia njia nzima ya habari, hata malaria ilipoanza kurudi hapakuwa na wa kuiona ikirudi hadi ilipokwisha kuenea.

Mageuzi ya mwanzo wa karne hii yanajulikana zaidi. Klorokwini ilikuwa imeshindwa kuwaponya wagonjwa wengi, na mwezi wa Septemba 2003 Zanzibar ilianza kutoa bure dawa ya mseto yenye artesunate na amodiaquine katika vituo vyake vya serikali. Vyandarua vyenye dawa ya kudumu vikagawiwa kuanzia mwaka 2005 na 2006, na upuliziaji wa ndani ya nyumba, ambao wananchi waliuita kwa jina la dawa yake, Icon, ukaanza mwaka 2006. Utafiti uliofanywa katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka 5 wenye vimelea walipungua kutoka kiasi cha 9 kwa kila 100 mwaka 2003 hadi chini ya 1 mwaka 2006. Sambamba na hayo kilikuja kipimo cha haraka cha malaria, kinachojulikana vituoni kwa herufi zake mRDT: kijisanduku cha plastiki kinachotiwa tone la damu na matone machache ya maji ya dawa, ambacho ndani ya dakika 15 au 20 huonyesha mstari mmoja kama hakuna malaria na miwili kama ipo. Kipimo hiki hakihitaji umeme, hadubini wala jicho la mtaalamu, na kwa hiyo kwa mara ya kwanza muuguzi wa kituo cha Mtende au cha Matemwe aliweza kuwa na jibu la uhakika siku ile ile mgonjwa akiwa bado amekaa kwenye benchi.

Hapo ndipo tatizo la zamani la ripoti lilipojitokeza kwa sura mpya. Kisiwa chenye malaria nyingi kinaweza kustahamili ripoti ya mwaka, maana kila mtu anajua hali ilivyo. Kisiwa ambacho malaria imeshuka chini ya mtu 1 kwa kila 100 hakiwezi, kwa sababu wagonjwa watano katika kijiji kimoja ndani ya wiki moja ni habari nzito, na habari hiyo ikilala kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi itaamka ikiwa mlipuko. Kinga ya mwilini, ambayo watu waliokuwa wakiumwa mara kwa mara walikuwa nayo kwa kiasi, hupungua kizazi kinapokua bila ya malaria, na kwa hiyo mlipuko ukitokea huwa mkali zaidi. Mradi wa kudhibiti malaria wa Wizara ya Afya, ambao baadaye uligeuzwa kuwa Programu ya Kumaliza Malaria Zanzibar, uliukumbuka vizuri mwaka 1968. Mwaka 2008, kwa ushirikiano na mpango wa malaria wa Rais wa Marekani na taasisi ya RTI, ukaanzisha katika vituo 10 vya Unguja na Pemba mfumo wa kugundua mapema milipuko ya malaria, unaojulikana kwa kifupi chake MEEDS, ambao katika miaka michache iliyofuata ulienezwa hadi vituo vyote vya serikali.

Namna ulivyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ubora wake ulikuwa katika uchache wake. Mhudumu wa kituo hakupewa kompyuta. Alitumia simu ndogo ya mkononi, ile ambayo watu huiita kitochi, akabonyeza namba fupi inayoanza na nyota na kuishia na reli, na kwenye kioo ikatokea menyu iliyomuuliza mambo machache tu: wagonjwa wa nje walikuwa wangapi kwa wiki nzima, waliopimwa na kukutwa na malaria wangapi, waliopimwa na kukutwa hawana wangapi, na kila jibu likigawanywa kwa watoto wa chini ya miaka 5 na watu wa miaka 5 na kuendelea. Baada ya kutuma, tarakimu hizo ziliingia katika seva, yaani kompyuta inayopokea na kuhifadhi habari kwa niaba ya nyingine, na seva ikajumlisha yenyewe na kuwatumia wasimamizi wa wilaya na wa taifa muhtasari kwa ujumbe mfupi wa maandishi. Tarakimu ya waliopimwa na kukutwa hawana malaria ilikuwa na thamani kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu ndiyo iliyotenganisha kituo kisicho na malaria na kituo ambacho vipimo vimekwisha na hakuna anayepima. Vituo hivyo viwili, ukitazama wagonjwa wa malaria peke yao, huleta ripoti inayofanana kabisa, yaani sifuri.

Uamuzi wa kutumia kitochi unaeleweka zaidi ukiwekwa ndani ya hali ya kisiwa katika miaka hiyo. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari na kutokea Fumba, na kutokana na hitilafu katika njia hiyo kisiwa kizima kilikaa gizani kwa karibu mwezi mmoja kuanzia Mei 2008, kisha tena kwa takriban miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Jenereta zilinguruma katika vichochoro vya Shangani na Kiponda, maji yakawa ya kuteka, na chombo chochote cha kuripoti ambacho kingetegemea kompyuta ya mezani kingenyamaza pamoja na friji na taa. Simu ndogo inayokaa siku kadhaa na chaji, ikatumia mnara wa kampuni ya simu wenye jenereta yake, ilikuwa imeyapokea mazingira kama yalivyo.

Mwaka 2012 iliongezwa hatua ya pili. Ilitengenezwa programu iliyopewa jina la Coconut Surveillance, programu huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuutumia, na ikawekwa katika vishikwambi vya maofisa wa ufuatiliaji wa malaria wa wilaya. Tangu hapo kituo hakikusubiri mwisho wa wiki; mgonjwa alipokutwa na malaria, mhudumu alituma taarifa yake kwa simu, na taarifa ikatokea kwenye kishikwambi cha ofisa wa wilaya ile. Ofisa alipanda pikipiki, akafika kituoni kukamilisha maelezo, kisha akaenda hadi nyumbani kwa mgonjwa, kwa lengo la kufika ndani ya siku mbili, akawapima watu wote wa nyumba ile kwa vipimo vya haraka, akawapa dawa waliokutwa na vimelea hata kama hawakujihisi wagonjwa, na akaandika mahali nyumba ilipo, kama kulikuwa na vyandarua na kama mgonjwa alisafiri nje ya Zanzibar katika wiki za karibuni. Programu ilikubali kujazwa taarifa pasipo mtandao na kuzipeleka kwenye seva ikishapata mawimbi, jambo la lazima kwa anayefanya kazi baina ya mawe ya Muyuni na vichaka vya Kibuteni. Kwa hatua hiyo, ripoti iliyokuwa ikipanda tu tangu enzi za majedwali ya London ilishuka hadi mlangoni kwa aliyepimwa.

Programu ya namna hii, hata ikiandikwa vizuri kiasi gani, haijui kitu kuhusu Unguja hadi iambiwe. Haijui seva yake ina anwani gani, wiki inaanza siku ipi, shehia ni zipi, nani apelekewe ujumbe, wala ni wagonjwa wangapi wanatosha kumshtua msimamizi. Mambo hayo yanaweza kuandikwa ndani ya msimbo wenyewe, lakini hapo kila badiliko dogo litamhitaji mtunzi wa programu, ambaye huenda yuko nchi nyingine. Au yanaweza kuwekwa nje, katika mipangilio ambayo programu huisoma inapowashwa. Njia moja ya zamani ya kuyaweka nje ni ile inayoitwa vigeu vya mazingira, yaani majina yenye thamani zinazobadilika ambayo mfumo endeshi wa kompyuta huyashika na kuikabidhi kila programu inayoanza kufanya kazi. Vilianza katika toleo la mfumo wa Unix lililotolewa na maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1979, na hadi leo ndivyo vinavyotumika kuziambia seva nyingi duniani mahali zilipo na kazi inayozingojea. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao familia yake ilianza kutumika Zanzibar kuanzia mwaka 2005, hutafuta kigeu kinachoitwa DHIS2_HOME ili ujue faili la mipangilio yake limewekwa wapi. Mfumo ule ule, bila ya kubadilishwa hata mstari mmoja wa msimbo, hutumika kwa nchi moja au nyingine kulingana na kile ulichokikuta katika mazingira yake.

Mfano wa kigeu cha saa unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Seva nyingi zinazokodiwa nje huhesabu saa za Greenwich, na ni kigeu kifupi kinachoitwa TZ kinachoziambia zifuate saa za mahali pengine. Zanzibar haina jina lake katika orodha ya kimataifa ya majira ya saa, hivyo huandikwa Africa/Dar_es_Salaam, saa tatu mbele ya Greenwich. Kigeu hicho kikisahauliwa, taarifa iliyotumwa kutoka kituoni saa 8 usiku wa kuamkia Jumatatu itasajiliwa na seva kuwa ni ya saa 5 usiku wa Jumapili, na kwa kuwa wiki ya hesabu za maradhi hukatwa baina ya siku hizo mbili, mgonjwa ataangukia wiki isiyo yake. Kwa mgonjwa mmoja hilo ni dogo. Kwa mfumo ambao kazi yake yote ni kulinganisha wiki hii na wiki iliyopita, katika kijiji ambacho wagonjwa watatu au wanne ndio tofauti baina ya utulivu na tahadhari, si dogo hata kidogo. Kisiwa hiki, ambacho watu wake huhesabu saa kuanzia macheo na machweo, na ambacho waumini wake huianza siku mpya magharibi jua linapozama, kina uzoefu mrefu wa kuishi na kalenda zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na mhudumu wa afya wa Unguja aliyezoea kuandika tarehe ya Kiislamu na ya kizungu katika shughuli zake hahitaji kuelezwa sana kwamba saa ni makubaliano.

Kigeu kigumu kuliko vyote, hata hivyo, kilikuwa mahali. Shehia, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha, ina mizizi ya zamani kisiwani kuliko Wizara yoyote: katika vijiji vya Wahadimu, wenyeji wa asili wa Unguja, wakati mtawala wao, Mwinyi Mkuu, akikaa Dunga, masheha na wazee waliojulikana kama watu wanne ndio waliosimamia ardhi, mizimu na migogoro, na utawala wa Kisultani, wa Kiingereza na wa Mapinduzi, kila mmoja kwa namna yake, uliirithi shehia na kuipa kazi mpya. Sheha anazijua nyumba zake. Ofisa wa malaria anayefika kijijini na jina la mgonjwa tu humtafuta sheha kwanza, na ndiyo maana jina la shehia likawa ndio ufunguo wa ripoti nzima. Orodha ya shehia ilipoingizwa katika kompyuta, yalijitokeza mambo ambayo mwenyeji asingeyafikiria kuwa ni tatizo: ipo Kizimbani ya Unguja na ipo ya Pemba, na Kinyasini vivyo hivyo, majina yaliandikwa kwa tahajia mbili au tatu na vituo tofauti, na mtu wa Makunduchi anapoulizwa anakotoka hutaja Kajengwa au Kijini kabla ya kutaja wilaya. Isitoshe, mipaka haikusimama. Katikati ya miaka ya 2010 Wilaya ya Magharibi, iliyokuwa imefurika watu waliohamia pembezoni mwa mji kutoka Mwera hadi Kiembesamaki, iligawanywa kuwa Magharibi A na Magharibi B, na Unguja ikawa na wilaya 7 badala ya 6. Kwa ofisi ya wilaya hilo lilikuwa suala la kupata jengo na muhuri. Kwa mfumo wa ripoti lilikuwa suala la kuamua wagonjwa wa miaka ya nyuma wahesabiwe wapi, maana wasipohamishwa wilaya moja itaonekana kuisha ghafla malaria, na mbili mpya kuzaliwa nayo. Pale orodha ilipokuwa nje ya msimbo, kazi ilikuwa ya mchana mmoja kwa mtu anayezijua shehia. Pale ilipokuwa imefungwa ndani, ilimngoja fundi.

Kiwango cha kushtua nacho kilitaka ujuzi wa wenyeji. Malaria ya Unguja hufuata mvua, ikipanda baada ya masika ya Machi hadi Mei na kwa kiasi kidogo baada ya vuli ya Oktoba hadi Disemba, kwa hiyo idadi ya wagonjwa inayotisha mwezi wa Februari inaweza kuwa ya kawaida mwezi wa Juni. Mabonde ya mpunga ya Cheju hayafanani na mawe makavu ya Paje, wala mji wa Ng'ambo haufanani na Mji Mkongwe wenye paa za bati na mitaro iliyozibwa. Kiwango kimoja kwa kisiwa kizima kingeamsha watu bure upande mmoja na kuwaacha wamelala upande mwingine. Tena kipimo cha haraka chenyewe kina tabia ya kuzingatiwa: kinatambua protini ya kimelea, inayoitwa HRP2, ambayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, na mfumo usioambiwa jambo hilo unaweza kumhesabu mtu mmoja mara mbili. Maamuzi haya huonekana ya kiufundi kwa sababu huandikwa kwa tarakimu, ilhali kila tarakimu ni hukumu kuhusu nani atafikiwa na pikipiki na nani hatafikiwa, na ni haki wananchi wanaohusika wajue kwamba hukumu hiyo ipo na inaweza kujadiliwa.

Limebaki suala la siri. Rejesta ya karatasi iliyofungiwa kabatini ilisomwa na wachache. Seva inayokusanya majina, nyumba na safari za wagonjwa wa visiwa viwili husomwa na yeyote mwenye nenosiri. Kanuni iliyokubalika miongoni mwa mafundi wa programu, na ambayo inaihusu sana programu huria inayoonekana na dunia nzima, ni kwamba nenosiri la kanzidata lisiandikwe kamwe ndani ya msimbo, bali likabidhiwe kupitia kigeu cha mazingira ambacho kinabaki ndani ya seva peke yake. Katika jamii ndogo ambamo kila mtu anamjua ndugu wa kila mtu, na ambamo kuulizwa ulilala wapi mwezi uliopita ni jambo zito kwa mume au mke, uangalifu huo ni sehemu ya heshima anayostahili mgonjwa, sawa na pazia la chumba cha daktari.

Swali la safari lilikuja kuwa kiini cha kila kitu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2009 walichunguza kumbukumbu za simu, zilizoondolewa majina, za wateja wa Zantel, kampuni iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1999, za miezi mitatu ya mwisho wa 2008, wakaona kwamba safari nyingi za wakaazi wa visiwani kwenda Bara zilikuwa fupi na zilielekea Dar es Salaam, ambako malaria ni chache, ilhali wachache waliokaa muda mrefu katika mikoa yenye malaria nyingi ndio waliokuwa wakirudi na sehemu kubwa ya vimelea. Gati la Malindi likarudi kuwa mlango wa kutazamwa kama ilivyokuwa enzi za Changuu, ila sasa hakuna anayetengwa kisiwani. Msafiri hushuka kwenye boti, hupanda daladala hadi Kiwengwa au Uzini, na akipata homa huenda kituo kilicho karibu au, mara nyingi mjini, huenda kwa daktari binafsi. Vituo binafsi havikuwamo katika mfumo ulipoanza, na kuviingiza kulichukua miaka, kwa kuwa kulihitaji makubaliano pamoja na mafunzo, na si namba ya simu peke yake.

Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua nyingi, wagonjwa wa malaria waliongezeka sana Zanzibar, hasa katika wilaya za mjini na pembezoni mwake, na maofisa waliokuwa wamezoea kufuatilia nyumba chache kwa wiki wakajikuta na orodha ndefu kuliko saa za mchana. Mfumo uliwaonyesha ongezeko hilo mapema, shehia kwa shehia, jambo ambalo malaria iliporudi baada ya mwaka 1968 halikuwezekana. Ulichoshindwa kukionyesha ni nyumba ipi kati ya hizo zote ianze kufikiwa wakati pikipiki ni chache, na uamuzi huo ulibaki kuwa wa maofisa wa wilaya na masheha, waliokaa pamoja na kuipitia orodha jina kwa jina.